Nakawa hadi Mukono Bila Kuzima

Nakawa, Kampala
2 Machi 1976

Mdogo wangu Zéphyrin,

Salamu atakupa Nabintu, anayekuletea barua hii, kwa mdomo. Mdomo wake hautozwi kitu, karatasi inatozwa, kwa hiyo naingia kwenye shauri.

Nimenunua gari. Si lori, si pikapu. Ni lile jekundu la mashindano, la milango miwili na kabureta mbili, la yule Mhindi wa Old Kampala uliyemfanyia kazi mpaka Wahindi walipofukuzwa. Unalijua kuliko mimi. Mhindi alipoondoka alimwachia mwalimu mmoja wa Kyambogo, anaitwa Erinayo, naye amelificha miaka yote hii nyuma ya nyumba yake chini ya majani makavu ya migomba. Mke wake ni mteja wangu wa samaki, ndivyo nilivyojua. Nimempa kibanja changu, kiwanja cha Kyambogo chote, pamoja na kisima nilichokichimbisha kabla sijawa hata na kitanda cha kulalia. Akaapa mbele ya mke wake: "Mama Kahambu, gari hili halina hata kikohozi."

Halina kikohozi! Kutoka kwake mpaka ghalani kwangu ni mwendo mdogo, halikusema kitu. Jumapili nikaliingiza barabara ya Jinja kulipima. Linavuta, mdogo wangu, linavuta mpaka mgongo unagandamana na kiti. Nilipofika Kireka likaanza kumeza mate. Unakanyaga mafuta, linaitika nusu. Likakohoa mara mbili, likafifia, likafa. Halikutoa moshi. Halikupiga kelele ya chuma. Maji ya rejeta hayakuchemka. Nilikaa humo ndani kama theluthi ya saa nikilaani ukoo mzima wa Erinayo, kisha nikageuza ufunguo kwa hasira tu. Likawaka kana kwamba lilikuwa limejipumzisha. Nikaligeuza kurudi nyumbani, halikumaliza maili mbili, likafa tena.

Okot wa gereji ya polisi, unamkumbuka, amesafisha kabureta zote mbili na kubadilisha plagi. Hakuna tofauti.

Nataka gari hili litoke Nakawa, lifike Mukono na kurudi bila kuzima hata mara moja, kabla ya Pasaka. Usiniulize kwa nini. Mikono yako imelala ndani ya injini hiyo miaka minne. Niambie nishike wapi.

Dada yako,
Kahambu


Butembo, Zaire
9 Machi 1976

Yaya Kahambu, dada yangu mkubwa,

Kwanza, usiandike Zéphyrin juu ya bahasha. Huku jina la ubatizo limekuwa kosa kwa serikali, hata padri ananiita kwa kunong'ona. Andika Z, inatosha.

Pili, niruhusu nicheke. Yaya wangu, anayepasua njiti ya kiberiti katikati ili iwashe mara mbili, amenunua gari la mashindano! Kumbe nawe umeingia katika hao matajiri wapya mnaowaita mafuta mingi? Nilimuuliza Nabintu, akageuza uso akawa anatazama mbuzi wa jirani. Na shemeji Hippolyte anasemaje? Mwanaume aliyezoea lori la tani saba ataingiaje humo? Magoti yatamfika masikioni. Mwambie aanze kuingiza kichwa, miguu ifuate.

Haya, kazi. Gari hilo nalijua kama mtoto niliyemwogesha. Likiwa baridi linawaka, likipata moto linakufa, likipoa linafufuka: hiyo ni koili, ile inayozipa plagi umeme. Imekaa karibu mno na injini. Chovya kitambaa kwenye maji, uifunge koili, uende. Pampu ya mafuta nayo ifunge hivyo hivyo, kwa sababu petroli ikipata joto kali inageuka mvuke ndani ya bomba, na pampu haijui kunywa mvuke. Ukivuka Kireka, jibu umelipata.

Kuja huko kulitazama mwenyewe usinitajie. Mgongo wangu bado unakumbuka siku askari walipokuja kuchukua magari ya Mhindi wakatukuta gereji.

Ila haraka ya Pasaka siioni, Yaya. Kitu cha anasa hakina saa.

Mdogo wako,
Z


Nakawa
15 Machi 1976

Z,

Anasa. Umeliandika neno hilo kwa mkono wako, nikalisoma nimesimama kati ya magunia ya samaki, sijatia kitu kinywani tangu asubuhi. Nilikuvusha mpakani Kasindi mwaka wa 1964 nimekushika kiganja, risasi zikilia nyuma yetu. Nikampelekea yule Mhindi samaki wa bure miezi mitatu mpaka akakubali kukufundisha kazi. Leo unaniandikia anasa.

Sikiliza. Nimefunga vitambaa vya maji kama ulivyosema, koili na pampu. Likafa pale pale Kireka, vitambaa vikiwa bado vinadondosha maji. Okot akaniletea koili nyingine, usiulize ameing'oa kwenye gari gani. Likafa Kireka.

Kuna jambo moja sikulielewa, na mimi unanijua kwa hesabu. Mara zote hizo tangi lilikuwa na galoni sita au zaidi, na lilikufa baada ya maili tatu. Alhamisi petroli ilikuwa karibu kuniishia, zilibaki kama galoni mbili tu, nikasema nitajaribu hivyo hivyo. Likafika maili sita na nusu. Mafuta mengi, safari fupi; mafuta machache, safari ndefu. Nilimwambia Okot, akashika mbavu. "Basi mama, tulinyime kabisa, lifike Mombasa!"

Yeye anacheka kwa sababu hakuwemo. Maili sita na nusu ni Namanve. Unaujua msitu ule na unajua malori ya jeshi yanapeleka nani mle, wala hawarudi. Hakuna anayesimama pale kwa hiari yake. Nililala chini ya usukani, shavu juu ya kanyagio, mpaka likakubali kuwaka.

Nilikwenda kwa Erinayo nikamwambia maneno ambayo mke wake aliwatoa watoto nje wasiyasikie. Yeye anapangusa miwani tu. "Mama Kahambu, mimi nilikuwa naliwasha kila Jumamosi. Nilikwenda nalo Jinja kumzika baba yangu, nikarudi. Halijanizimikia." Nikamwambia: "Basi linakupenda wewe. Rudisha kibanja." Akasema kibanja ameshakiandikisha. Mwongo mwenye miwani safi.

Shemeji yako amesafiri.

Nabintu ana maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Safari hii usimuulize mbele ya mbuzi. Mpe kiti umsikilize mpaka amalize.

Kahambu


Butembo
21 Machi 1976

Yaya wangu,

Nabintu amemaliza. Mke wangu ameingia mara mbili kuuliza kwa nini nimekaa sakafuni.

Barua hii Nabintu atavuka nayo ndani ya mkate, kwa hiyo naandika wazi, nawe ukiisoma itie kwenye moto wa jikoni. Shemeji amekamatwa na magunia ya sukari. Amefungwa kambi ya jeshi tangu Februari. Mwenye ufunguo ni kapteni, na kapteni hataki kingine chochote ila lile gari jekundu, likiwa linakwenda, kabla ya Pasaka. Baada ya hapo, kesi inapelekwa mbele, na wanaopelekwa mbele kwa magendo tunasikia redioni wanavyoishia. Wewe ukatoa kibanja chako. Na mimi nikakuandikia habari za magoti na masikio.

Sina njia ya kuomba radhi kwa hilo, basi nisipoteze karatasi.

Ile hesabu yako ya petroli imeninyima raha. Nimeigeuza juu chini. Ikiwa ni koili, haijali tangi lina kiasi gani. Ikiwa ni joto, halijali. Nilidhani ni uchafu ndani ya tangi unaoziba bomba, lakini uchafu huzidi mafuta yakibaki chini. Kwako ni kinyume. Hakuna ugonjwa wa injini ninaoujua unaopungua mafuta yakipungua. Kwa hiyo kuna kitu hujaniambia, si kwa kuficha, ila kwa kuona si kitu.

Niandikie kila unachofanya na gari hilo, tangu unapofungua mlango wa ghala mpaka linapokufa. Hata la kijinga. Hata ukilitemea mate. Usinichagulie.

Na nimeshafunga vifaa vyangu kwenye gunia. Nitakuja na lori la kahawa.

Z


Nakawa
27 Machi 1976

Z,

Usije. Fungua hilo gunia urudishe spana mahali pake. Nakuambia kwa nini.

Jumatatu nilipeleka chakula kambini. Wanakipokea getini, wanakurudishia nguo chafu za mtu wako ukafue. Nguo zikitoka, mtu yuko hai. Ndiyo barua yao. Safari hii walinipa shati moja, halina mkono wa kushoto. Bado nimelishika, Kapteni Zubairi mwenyewe akatoka. Ni mtu mnene, mcheshi, anavaa miwani ya jua hata ndani ya kivuli.

"Mama ya samaki! Gari yangu iko wapi?"

"Iko kwa fundi, afande. Inasumbua kidogo tu."

"Inasumbua? Mimi niliona hii gari na macho yangu. Nilikuwa praiveti, askari ya chini kabisa, nasimama kando ya barabara na bendera, hii gari ikapita, ikanipa vumbi mpaka ndani ya meno. Nikasema, siku moja wewe utakuwa yangu. Sasa wewe mama unaniambia inasumbua?"

Askari mmoja akasema: "Afande, huyu ameweka samaki ndani ya injini." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, Z. Nilicheka na shati mkononi.

"Ile Mkongo ya Mhindi iko wapi?" akauliza. "Ile kijana. Yeye alikuwa anajua hii gari kama bibi yake. Lete yeye hapa, akae na gari."

Nikamwambia amekufa. Homa, huko Bukavu, mwaka juzi. Nimekuua, mdogo wangu, na nitakuomba uendelee kuwa hivyo hivyo.

Kapteni akavua miwani. Sikuwa nimeyaona macho yake kabla. "Basi nani aliuzia wewe gari mbovu?"

Nikasema: Erinayo, mwalimu wa Kyambogo. Ameniibia, afande. Maneno yalitoka yakiwa yamepangwa, kama mtu aliyekuwa anayangoja. Sijuti. Amekula kisima changu, naye aulizwe kama ninavyoulizwa mimi.

Haya, hayo uliyoyataka. Asubuhi nafungua ghala. Gari liko nyuma kabisa, nimelifunika magunia ya samaki mpaka juu, maana rangi ile inaita macho. Naondoa magunia. Natia petroli kutoka kwenye debe, kiasi nilichopata. Nafunga kifuniko cha tangi, chini yake nimeweka kipande cha tyubu ya gurudumu nilichokikata siku ile ile niliyolileta, kama tunavyobana madebe yote hapa sokoni. Petroli ikinuka, askari wanaopita watasema nimeficha mafuta, na kuficha mafuta siku hizi ni kesi ya kifo. Samaki wanafunika harufu kiasi, tyubu inamaliza. Natazama oili. Natazama maji. Naingia, navuta choki, nageuza ufunguo, linawaka papo hapo. Nalisubiri lipate joto. Natoka taratibu mpaka barabara kubwa, halafu nakanyaga. Kireka linakufa.

Hayo ndiyo yote. La kijinga halimo.

Kahambu


Butembo
1 Aprili 1976

Yaya,

Toa tyubu.

Naandika juu ya boneti ya lori la kahawa, dereva anavuka leo, Nabintu angechelewa. Toa kile kipande cha tyubu chini ya kifuniko. Kifuniko cha gari lile kina kitundu chembamba kuliko tundu la sindano. Hapo ndipo tangi linapovuta pumzi. Pampu ikinyonya petroli, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Wewe umeliziba pua. Pampu inanyonya na kunyonya, mwisho inashindwa, kabureta zinakauka, injini inakufa bila kelele. Ukikaa, hewa inapenya kidogo kidogo, linafufuka.

Na hiyo ndiyo hesabu yako. Tangi likijaa, hewa iliyo juu ya mafuta ni kidogo, inakwisha nguvu upesi: Kireka. Tangi likiwa karibu tupu, hewa ni nyingi: Namanve. Debe unaweza kuliziba mwaka mzima, Yaya, debe halina injini ya kulinyonya.

Kabla hujatoa, lipeleke mara moja tena mpaka life. Usiguse boneti. Nenda nyuma, legeza kifuniko, weka sikio. Ukisikia linavuta hewa kama mtu aliyetoka chini ya maji, ndilo hilo.

Nimejaribu kucheka. Sikuweza, kwa sababu ya jambo la pili. Erinayo hakukudanganya. Gari alilokupa lilikuwa zima. Kama jina lake bado linaweza kutolewa kinywani mwa yule mtu, litoe.

Z


Nakawa
6 Aprili 1976

Z,

Lilivuta hewa. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya barabara pale Kireka, kanga kichwani, wapita njia wanadhani nasali. Nilipolegeza kifuniko likafanya fyuuu refu, mpaka nikarudi nyuma. Nikageuza ufunguo: likawaka wakati ule ule, sikungoja hata dakika.

Nikaitupa tyubu kwenye mkoba. Nikaenda Mukono. Nikarudi. Nikaenda tena. Namanve nilipita kwa kasi ambayo hata risasi ingeniomba nipunguze. Halikumeza mate hata mara moja.

Mwezi mzima, Z. Mafundi wawili, koili, plagi, vitambaa, shemeji yako analala kwenye saruji, na kilichokuwa kinamfunga ni kipande cha mpira nilichokikata mwenyewe kwa kisu cha samaki, nikijiona mwerevu.

Kutoka Mukono sikupita nyumbani, nilikwenda moja kwa moja Kyambogo. Nilitaka kumwambia Erinayo maneno mengine, ya aina nyingine. Nyumba ilikuwa imefungwa mchana kweupe. Niligonga mpaka mke wake akafungua kidogo, nusu ya uso. Akaliona gari nyuma yangu linaunguruma.

"Linakwenda," akasema.

"Linakwenda."

"Walikuja Jumanne. Walimuuliza kwa nini ameuza gari bovu kwa ajili ya kapteni. Hakujua hata wanasema nini. Alidhani gari ni lako." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei: "Mama Kahambu, wewe ndiye uliyemtaja?"

Nikamwambia ndiyo. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alifunga mlango polepole, nikasikia anasukuma kabati nyuma yake.

Kapteni amesema nilipeleke gari wiki ijayo, atalijaribu mwenyewe. Likirudi kutoka Mukono bila kuzima, Hippolyte anatoka. Sasa Erinayo naye yumo humo, labda ukuta mmoja na shemeji yako, na aliyemweka humo ni mimi.

Nikisema kosa ni langu, kapteni atasema nilimchezea mwezi mzima. Nikinyamaza, natoka na mume wangu.

Niambie.

Kahambu


Butembo
11 Aprili 1976

Yaya,

Nyamaza.

Najua niliandika nini juu ya Erinayo. Niliandika kabla sijajua amekamatwa. Sasa ni kitu kingine. Ukifungua mdomo mle kambini, hutoi mtu, unaongeza mtu. Mpe kapteni ufunguo, mchukue shemeji, pandeni chochote kinachokuja magharibi usiku au mchana. Mkishavuka Kasindi tutamtafutia mwalimu njia. Padri anajua mtu anayejua mtu.

Hujawahi kunisikiliza tangu nizaliwe. Safari hii nisikilize. Mimi ni mwoga, Yaya, na waoga ndio waliobaki hai kutoka gereji ile.

Mke wangu amewatandikia kitanda chetu. Kina shuka mpya.

Z


Nakawa
Ijumaa Kuu, 16 Aprili 1976

Mdogo wangu,

Nimeipata yako. Ulikuwa na haki katika kila neno.

Juzi nilipeleka gari. Kapteni akaketi kwenye usukani, mimi kando, askari wawili wamejikunja nyuma kama mbuzi wa sokoni. Alikwenda Mukono akipiga mayowe ya furaha kila kona, alirudi akiimba. Halikuzima. Pale getini akapiga honi, wakamleta Hippolyte. Sikumjua. Nilijua mwendo, sikuujua uso.

Kapteni akasema: "Chukua bwana yako, mama ya samaki. Mimi ni mtu ya neno yangu."

Nilimshika Hippolyte mkono, Z. Nilikuwa nimeshageuka. Geti lilikuwa hatua chache tu. Nikamwona mke wa Erinayo upande wa pili wa barabara, na kikapu chake cha chakula, anangoja nguo. Hakuwa ananitazama kwa ubaya. Alikuwa anatazama lile gari. Nikamketisha Hippolyte nje ya geti, mbali na maneno.

Nikarudi.

"Afande, na yule mwalimu?"

"Mwalimu aliuza gari mbovu. Wewe ulisema na mdomo yako."

"Nilikosea. Gari lilikuwa zima. Mimi ndiye niliyeliziba." Nikatoa tyubu kwenye mkoba, nikamwonyesha tangi, kifuniko, kitundu. Askari wakakusanyika. Hakuna aliyecheka mpaka kapteni alipocheka. Akakishika kile kipande cha mpira, akakinusa.

"Petroli na samaki," akasema. "Na fundi ni nani alijua hii? Okot hapana. Okot ni mjinga. Nani alifundisha wewe?"

Lilikuwa swali ambalo nililiogopa kuliko yote, maana jibu lake liko Butembo na lina mke na shuka mpya. Nikasema: hakuna. Nimejifunza mwenyewe, kwa hesabu. Nikamwambia habari za galoni sita na galoni mbili, Kireka na Namanve, kama nilivyokuandikia wewe, ila nilijifanya jibu nalo lilikuwa langu. Nimekuibia, nisamehe.

Kapteni akapiga boneti kwa kiganja.

"Kumbe wewe ndiyo fundi. Mimi natafuta Mkongo ya Mhindi, kumbe Mkongo iko hapa inauza samaki! Sasa sikia. Mtu anaweza kununua bunduki, akaacha risasi dukani? Hii gari inakaa kambini, fundi yake anakaa kambini. Wanaume mbili wanatoka, mama moja anaingia. Wewe unajua hesabu. Iko sawa?"

Nikasema iko sawa.

Erinayo ametoka jana. Hakunisalimu, na sikutaka anisalimu. Mimi nimepewa siku tatu kufunga ghala. Nitalala kwenye chumba cha nyuma cha karakana yao. Nimekiona, kina dirisha. Okot ameniletea kitabu cha injini chenye picha, ananifundisha haraka haraka majina ya vitu ambavyo nimeapa kwamba navijua. Siku gari litakapopata ugonjwa wa kweli sijui nitasema nini. Labda nitasema linahitaji kupumua.

Usiniandikie tena. Hapa wewe ni marehemu, na barua ya marehemu ikikutwa ndani ya mkate itakuwa taabu kuieleza. Barua zako zote nimezitia jikoni isipokuwa ya magoti na masikio. Hiyo nayo nitaichoma leo.

Anayekupa barua hii ni Hippolyte. Sikio la kushoto halisikii, ukimwita simama kulia kwake. Usimkumbatie kwa nguvu. Usimuulize kitu mpaka aanze mwenyewe. Anaamini nitafuata na Nabintu baada ya kuuza samaki waliobaki. Nilimhesabia magunia moja moja ili aamini, akaamini, kwa sababu hajawahi kunikuta nimekosea hesabu. Hajui kusoma, ndiyo maana anaibeba hii kifuani kwa amani.

Mpe chakula kwanza. Akishashiba msomee yote, usiruke neno. Ila kabla hujaanza, funga mlango, na kiti chako ukiweke kati yake na mlango.

Dada yako,
Kahambu